Kabla hujanunua kamera ya video ya nyumbani, soma yaliyonikuta

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, "kaka nataka kikamera cha kurekodia watoto na sherehe za nyumbani, kiwe 4K, bei poa, nichukue ipi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hiyo 4K, yaani video ya picha kali sana, ndo iliyonimaliza.

Send-off ya mdogo wangu, Mbagala. Nikajifanya mjanja, nikawaambia nyumbani msilipe mtu wa video, hela hiyo ongezeni kwenye vinywaji, mi si nipo. Nikaingia Kariakoo nikatoka na kamera ya laki na themanini, boksi limeandikwa 4K, megapikseli 48, zoom 16x. Mchana pale dukani picha inang'aa balaa. Usiku ukumbini, zile taa za rangi zinazunguka, ikawa chenga tupu, bibi harusi kama kapakwa majivu. Na zoom yenyewe ya dijitali, yaani haisogezi kitu, inakata katikati ya picha na kuivuta, unaambulia viboksi.

Hayo ningemeza. Kadi sasa! Imeandikwa 64GB kumbe ndani 8, na hizi feki zinaidanganya kamera kwamba nafasi ipo, kwa hiyo taa nyekundu inawaka, we unajua unarekodi. Mzee wangu si mtu wa maneno, siku hiyo kasimama kumuusia binti yake dakika kumi nzima, watu wanafuta machozi. Kesho yake faili lipo, jina lipo, saizi ipo, halifunguki. Nikamwomba arudie sebuleni, akanijibu "yale yalishapita."

Sasa hivi natumia Sony HDR-CX405 ya mtumba. Ni Full HD tu, ngazi ya chini ya 4K, lakini zoom ni ya lenzi, 30x, na inaenea kiganjani. Kasoro inayo, haina tundu la maiki ya nje, hivyo naweka simu irekodi sauti mbali kidogo na spika, napiga kofi moja mwanzoni ili baadaye nioanishe sauti hiyo na video.

Ndugu zangu, acheni kununua namba za boksi! Ijaribu gizani. Mwambie muuzaji azime taa, akinuna ondoka. Kadi ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye kompyuta kabla ya shughuli, sio baada. Mnaoagizia ndugu Marekani, za kule nyingi ni za fremu, yaani picha, 30 au 60 kwa sekunde na umeme wetu ni hezi 50, taa zinaweza kupepesa kwenye video, ulizia ya 25 au 50. Na nasema tena, gizani, ijaribu gizani, mbona sherehe zetu zote ni usiku?

Disemba mtoto wa mama mdogo anaolewa. Nimewaambia safari hii nina kamera ya maana, wakasema asante mwanetu, we njoo ule tu, mtu wa video tushamlipa.