Gia za Fuller: nikanyage klachi au niiache?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni dereva, nina miaka 7 kwenye Scania za manyuo (gia za mkono), sasa tajiri kanikabidhi Freightliner yenye giaboksi ya Fuller ya gia 13, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Wiki ya kwanza gia zinakwaruza mpaka tingo anakunja uso. Kuna dereva mkongwe hapa yadi ananiambia achana na klachi, ikanyage wakati wa kuondoka na kusimama tu, na kweli nimepanda naye nikaona gia zinaingia laini mguu uko pembeni. Fundi wetu anasema huko ni kuua giaboksi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili wako sawa, ila kila mmoja anaongelea giaboksi yake.

Scania yako ya zamani ilikuwa na ringi za sinkro, na kazi ya ringi ni kusugua mpaka zile sehemu mbili zizunguke sawa ndo gia iingie. Ukikanyaga klachi ringi inasukuma kitu chepesi tu, shafti na pleti. Usipokanyaga, karingi kale kanalazimika kubishana na injini nzima, kanaisha, na kukabadilisha mpaka giaboksi ishushwe. Fundi wako bila shaka ameshashusha nyingi za hivyo, kwa hiyo usimdharau, na siku ukirudi kwenye Scania ya manyuo klachi ni lazima kila gia.

Fuller hiyo haina ringi kwenye gia kuu. Wewe ndo sinkro. Na hapa ndo wengi mnaotoka kwenye gari za Ulaya mnapokosea, unakanyaga klachi mpaka chini unasukuma gia kama ulivyozoea, inalia, unazidi kusukuma, inazidi kulia, wakati shida siyo klachi, shida ni mizunguko haijalingana. Afu ile inchi ya mwisho ya pedali ina breki ya klachi, inasimamisha shafti ya giaboksi, imewekwa kwa ajili ya kuingiza namba moja au rivasi gari likiwa limesimama. Ukiigusa unatembea unaikata, kwa hiyo barabarani pedali iishie nusu.

Anza na dabo klachi, yaani kukanyaga mara mbili kila gia, usikimbilie ya mkongwe. Kupandisha: ukifika kama mizunguko 1500 achia mafuta, klachi nusu, toa gia iwe fri, achia klachi, acha mshale ushuke kama mizunguko 400 hivi, klachi nusu tena, ingiza. Kushusha ni kinyume, ukiwa fri na klachi umeiachia piga resi mshale upande hiyo 400, ndo uingize. Hizo 400 ni za gia nzima, ukigawa kwa spliti, kile kitufe cha kugawa gia moja iwe mbili, inakuwa karibu nusu yake. Yule aliyenifundisha mimi alinizimisha redio kuanzia Chalinze mpaka Morogoro, akaniambia nishike kirungu cha gia kwa vidole viwili tu, nisikilize injini. Nilikasirika sana siku ile. Lakini kabla ya kufika Mikese nilianza kuisikia, mizunguko ikilingana gia inadondoka yenyewe kama kijiko kwenye uji, na ukihitaji kiganja kizima ujue bado.

Ukishaisikia hivyo, klachi katikati inakuwa haina kazi kubwa na ndo maana mkongwe anaiacha. Wamarekani wengi wanaendesha hivyo hivyo. Hata I-Shift, giaboksi ya Volvo inayojibadilisha yenyewe, kompyuta yake inalinganisha mizunguko kwanza ndo inaingiza gia, kazi ile ile ya mkongwe wenu. Ila ukikosea bila klachi unakula meno ya kola, ile pete inayoteleza kushika gia, na vipande vyake vinazunguka kwenye oili pamoja na kila kitu kingine. Mi kwa gari la mtu na mwezi wa kwanza ningebaki na dabo klachi, polepole, mpaka siku nzima ipite bila kukwaruza hata mara moja.

Kitu kimoja mkongwe huenda hajakwambia. Kitufe cha renji, kile cha kutoka gia za chini kwenda za juu, nyuma yake kuna sinkro. Kibonyeze kabla hujatoa gia, ukipita fri ipe nafasi kidogo ibadilishe, na usishushe renji ukiwa na spidi kubwa maana unaunguza hiyo sinkro hata kama kwingine unabadilisha vizuri.

Sasa mlima Kitonga, na hapa nakuomba sana. Kwenda unapanda, ukikosa gia gari linasimama, unaanza upya. Kurudi na mzigo wa shaba unashuka. Ukitoa gia katikati ya mteremko gari linaongeza spidi lenyewe, na mizunguko unayotakiwa kuifikia inazidi kupanda kila sekunde mpaka injini haiwezi tena, na hapo iwe una klachi au huna, umebaki fri, tani zote ziko mgongoni na kilichobaki ni breki za upepo ambazo zinachemka. Gia ichague juu, kabla kona ya kwanza haijaanza. Kama unasita simama kabisa pembeni, hapo ndo klachi mpaka chini, ingiza gia ya chini, washa breki ya injini, ndo uachie gari lishuke, na usiiguse hiyo gia tena mpaka barabara inyooke kule chini.