Jibu: kwa nini elmu za Hunshandake hazina watoto

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye nyika ya mchanga ya Hunshandake, Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, unaona miti mizee ya elmu iliyotawanyika lakini miche karibu hakuna.

Mbegu si tatizo. Elmu ya Siberia, Ulmus pumila kitaalamu, huzaa kwa fujo: mbegu bapa zenye bawa jembamba, zinaiva kati ya Mei na Juni na upepo unazisomba. Kasoro yake ni kwamba hazidumu ardhini. Zikikuta mchanga una unyevu huota ndani ya siku chache. Zikikosa mvua hufa mapema, wala hakuna akiba ya maana inayobaki ardhini kungoja mwaka ujao. Kwa hiyo kila msimu ni kamari upya.

Hata zikiota, mchanga wa juu hukauka haraka, na mzizi lazima ukimbilie chini kabla unyevu haujauacha. Kwenye kilima kinachohama, mche hufukiwa au mizizi huachwa wazi. Ndiyo maana tafuta miche zaidi kwenye mabonde kati ya vilima, na kwenye vilima vilivyokwisha kushikwa na majani.

Halafu kuna mbuzi na kondoo. Hao, kwangu mimi, ndio kesi kubwa, maana jani la elmu ni tamu kwao. Uzio husaidia, ila usidhani ukifunga tu basi: nyasi zikisongamana sana nazo huunyang'anya mche maji.