Ndovu mweupe na mradi hewa

SWALI: Nimesoma habari ya soko lililojengwa kwa mamilioni ambalo sasa halina wachuuzi. Mwandishi ameliita "ndovu mweupe". Mwenzangu anashikilia kwamba Kiswahili chake ni "mradi hewa". Nani yuko sawa, na huyo ndovu ametoka wapi?

JIBU: Mwandishi yuko sawa. Mradi hewa upo kwenye makaratasi tu: malipo yamefanyika, hati zina saini na mihuri, lakini ukifika kiwanjani hukuti hata tofali. Ni "hewa" ileile ya "wafanyakazi hewa", neno lililovuma Tanzania mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi wa umma. Soko lenye kuta, mabati na mlinzi getini haliwezi kuitwa hewa. Angalia pia usichomeke "wa" katikati. "Mradi wa hewa" ni mradi unaohusu hewa yenyewe, na hayo ni mambo mengine kabisa.

Ndovu ametoka Siam, Thailand ya leo. Weupe wake si wa chokaa. Ngozi ina rangi hafifu inayoelekea waridi, na kucha zimepauka. Huhesabiwa kuwa baraka ya ufalme, kwa hiyo hatumikishwi. Kisa kilichoenea Ulaya ni kwamba mfalme akimchukia mtu wa barazani kwake alimtunukia ndovu wa namna hiyo. Kumkataa haiwezekani, kumvutisha magogo ni mwiko, kumuuza ni kumvunjia mfalme heshima. Kilichobaki ni kumlisha, na ndovu mkubwa hula kama kilo 150 kwa siku, mpaka mwenyewe afilisike. Desturi ya huko ilikuwa kinyume: ndovu mweupe akipatikana alipelekwa kwa mfalme. Hata hivyo kisa ndicho kilichozaa msemo wa Kiingereza, na Kiswahili kikautafsiri neno kwa neno.

Kiini cha msemo, basi, ni malisho. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakauita ndovu mweupe kila mradi ulioharibika. Jengo lililoishia kwenye linta ni mradi uliokwama. Mkandarasi akiondoka asirudi, umetelekezwa. Ndovu mweupe amekamilika, anasimama, na kila mwezi anadai umeme, ulinzi na ukarabati huku anachorudisha hakitoshi hata kulipia taa.

Mradi wa karanga wa Tanganyika unatusaidia kuona tofauti. Waingereza waliuanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, ukala majembe ya trekta, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Mashamba yale ni mradi ulioshindwa, kwa kuwa mpango wenyewe wa karanga uliachwa. Lakini reli ya kusini iliyojengwa kuzibeba karanga hizo ilikuwa ndovu mweupe hasa: njia ipo, treni zipo, shehena iliyotarajiwa haipo. Iling'olewa miaka ya 1960.

"Ubadhirifu" nao tusiuchanganye humu. Unatokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutawanya mbegu, na hutaja kitendo cha mtu: fulani amefanya ubadhirifu wa fedha za kijiji. Soko halifanyi ubadhirifu. Aliyelijenga pasipo na wanunuzi ndiye anayeweza kushtakiwa kwa neno hilo, na kwa kuwa ni shtaka zito, mwandishi asilitumie kabla hajawa na ushahidi mkononi.

Kuhusu upatanisho: ndovu ni mnyama, hivyo ni ndovu mweupe, ndovu weupe. Kitenzi kinafuata mradi: "soko limegeuka ndovu mweupe", "miradi imegeuka ndovu weupe". Ukipenda "tembo mweupe" ni sawa pia, ila hapo kosa la upatanisho linaonekana zaidi. Tembo ni pia pombe ya mnazi, nayo huenda na i-/zi-: tembo tamu, tembo kali. Ukiandika "soko limegeuka tembo nyeupe", msomaji wa Pwani ataona kibuyu cha mgema.