Mashamba matano, baiskeli mbili

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepata likizo, na tumepanga kuzunguka mashamba ya mizabibu kwa baiskeli, matano kwa siku moja, tukionja mvinyo kila tunapofika. Sijapanda baiskeli tangu nimalize shule. Naona pia aibu kutema mvinyo mbele ya mtu aliyenimiminia. Kwa hilo la baiskeli, nilitaka ya umeme, lakini mume wangu anasema hiyo ni ya wavivu. Tufanyeje?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tupige hesabu kwanza. Shamba moja hukuonjesha aina tano hivi. Hata wakikupimia kidogo, mililita 30 tu kila aina, mashamba matano yanakupa mililita 750. Hiyo ni chupa nzima, peke yako, juani, juu ya magurudumu mawili! Punguzeni yawe matatu. Lililo mbali au mlimani liwe la kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu na kichwa kikiwa chepesi, ili jioni mrudi kwa mteremko mdogo. Na msidhani polisi wanahangaika na wenye magari tu. Nchi nyingi zina sheria inayomkamata hata mwendesha baiskeli aliyelewa.

Kuhusu kutema, ondoa aibu kabisa. Ile ndoo iliyo mezani haikuwekwa pale kwa ajili ya maua. Wanaoishi kwa kuonja mvinyo hutema kutwa nzima, na anayekumiminia hutema kuliko wewe. Vuta funda dogo, lizungushe mpaka lifike kwenye fizi, vuta hewa kidogo kwa mdomo, kisha tema kwa mkupuo mmoja. Fanya mazoezi na maji bafuni kabla ya safari, la sivyo blauzi yako ndiyo itakayoonja. Ukikutana na mmoja uliokukosha, huo umeze kwa raha zako.

Sasa nikwambie kwa nini mimi naipenda baiskeli kuliko basi la watalii. Unasimama popote. Omba ruhusa, uchume zabibu moja iliyoiva. Utaona ni ndogo, ina kokwa nyingi na ganda nene, na utamu wake unazidi wa zile za kula mezani. Meza maji yake, ubaki unatafuna ganda peke yake. Fizi zitakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Hiyo ndiyo tanini, kitu cha kwenye ganda kinachokausha mdomo. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda, ndiyo maana una rangi na ukavu ule. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando. Ukiingia kuonja baada ya hapo, hutahitaji mtu akufafanulie.

Chupa mtakazonunua waombeni wawapelekee mnakolala. Mimi niliwahi kuweka moja kwenye kikapu cha mbele, saa saba ya mchana, nikazunguka nayo hadi jioni. Nilipofika, kizibo kilikuwa kimesukumwa nje kidogo na shingo inanata. Nikaufungua hivyo hivyo kwa ubishi. Ulikuwa na ladha ya matunda yaliyochemshwa.

Kunyweni maji kila kituo, kuleni kabla ya funda la kwanza, na wiki mbili kabla ya safari uwe unapanda baiskeli kila jioni. Miguu huzoea upesi. Makalio ndiyo yanayochelewa.

Baiskeli ya umeme kodi, usimsikilize. Ni nzito kuliko ya kawaida, kwa hiyo zijaribu breki zake kwenye mteremko mdogo kabla hamjatoka. Mumeo achukue ya pedali kama anavyotaka. Kwenye mlima wa pili ataomba mbadilishane. Usimpe haraka.