Je, Johnny B. Goode aliishi kweli?

SWALI: Jambo Papa. Mimi ni kijana wa Katuba, najifunza gitare. Mjomba wangu anasema wimbo wa Chuck Berry, yule mwanamuziki wa rock'n'roll wa Marekani, uitwao "Johnny B. Goode" unasimulia maisha ya mpiga gitare wa kweli wa Louisiana, aliyekufa maskini. Wenzangu wa kwaya wanabisha, wanasema ni hadithi tu. Nani anasema kweli? Na mbona ule mwanzo wa gitare unanishinda?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mwanangu, wenzako wa kwaya wanasema kweli, lakini mjomba usimcheke. Wimbo ule umejengwa kwa namna ambayo mtu anaamini amemwona Johnny kwa macho yake. Anaishi kwenye kibanda cha magogo msituni, karibu na New Orleans. Kusoma na kuandika hakujui vizuri. Gitare yake anaitia ndani ya gunia, anaenda kukaa chini ya mti kando ya reli, anapiga akifuata mwendo wa gari moshi. Habari ya kufa maskini haimo kabisa: wimbo unaishia mama yake akimwahidi kwamba siku moja ataongoza bendi kubwa.

Chuck Berry mwenyewe hakuwa mtu wa msituni. Alizaliwa mwaka 1926 mjini St. Louis, kwenye barabara iitwayo Goode Avenue, na humo ndimo Johnny alimopata jina lake la pili. La kwanza lilitoka kwa mpiga piano wake, Johnnie Johnson. Baba yake Berry alikuwa shemasi wa Wabaptisti, mama yake mtu wa shule. Yaani kitabu alikijua. Hamu ya kutoka na kusikika, hiyo ndiyo yake mwenyewe, akamvika mtoto wa kubuni. Tena alisema kwamba mwanzoni maneno yalikuwa "mtoto mweusi", akayageuza kuwa "mtoto wa shamba" ili redio za Wazungu zisiukatae wimbo. Hilo linaniuma kila ninaposikiliza. Mwaka 1958, Mwamerika mweusi alilazimika kuficha rangi ya shujaa wake ili apigwe redioni.

Kama mjomba anataka mpiga gitare wa kweli aliyetoka kijijini, amtafute hapa kwetu Katanga: Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, na mwaka 1969 Bosco akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kwa gumba na kidole cha shahada tu, utadhani ni watu wawili.

Sasa shida yako. Vijana wengi ninaowasikia wanautafuta mwanzo ule kwenye ufunguo wa la (A), kwa kuwa nyuzi wazi zinawasaidia. Berry yuko kwenye si bemoli (B♭), ufunguo unaowafaa watu wa piano na saksofoni, na hapo nyuzi wazi hazikusaidii sana. Panda mpaka freti ya 6, yaani kile chuma cha sita kwenye shingo ya gitare. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi mbili nyembamba, uzipige zote kwa pamoja. Nadhani wewe unapiga uzi mmoja mmoja, ndiyo maana sauti yako inatoka nyembamba. Msikilize pia Carl Hogan, mpiga gitare wa bendi ya Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksofoni wa Marekani: mwanzo huo karibu wote alikwisha kuupiga mwaka 1946, na Berry hakuficha kwamba alijifunza kwake.

Usiwashe ampli kwanza. Piga polepole, mguu ukihesabu nne, mpaka nyuzi zile mbili zitoke pamoja bila moja kuchelewa, ndipo uongeze mwendo.