Laxton, kijiji kinachokagua mashamba yake

Swali la wiki hii lilikuwa: ukipewa nafasi ya kuwaeleza wasomaji wenzako kijiji kimoja tu cha nchi ya mbali, utachagua kipi, na kwa nini? Mimi nachagua Laxton, katika mkoa wa Nottinghamshire, Uingereza. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na nilikifahamu kijiji hiki kupitia ramani yake kabla sijajua lolote kuhusu watu wake.

Ramani hiyo ilichorwa mwaka 1635 na mpima aliyeitwa Mark Pierce. Aliyemwagiza ni Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, yuleyule ambaye fedha zake zilipeleka walowezi wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Courten alikuwa amenunua ardhi ya Laxton na alitaka kujua mali yake ni ipi hasa. Pierce alipima kila ngwe, akaandika daftarini nani anailima na ina ukubwa gani. Kisha, juu ya ramani yenyewe, akachora wakulima na plau zao, mifugo ikiwa malishoni, hata wawindaji. Leo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Mpima ye yote akiitazama ataona kazi ya mtu aliyeipenda ardhi na waliokuwa wakiilima.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba mashamba yaliyomo katika ramani ile bado yanalimwa kwa utaratibu uleule wa msingi. Zamani vijiji vingi vya katikati ya Uingereza viliishi hivyo. Ardhi ya kilimo iligawanywa katika mashamba machache makubwa sana yasiyo na ua wala uzio ndani yake. Kila shamba lilikatwa ngwe nyembamba na ndefu, na kila mkulima alipewa ngwe zilizotawanyika huku na huku, nyingine kwenye udongo mzuri, nyingine kwenye udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Hakuna aliyeondoka na bonde zima, wala aliyeachiwa mawe matupu. Laxton imebaki na mashamba matatu ya aina hiyo: West Field, Mill Field na South Field. Yanazungushwa kwa miaka mitatu. Moja hupandwa ngano kabla ya baridi kuanza, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu inasogea.

Utaratibu huo hauruhusu mtu kujiamulia mambo peke yake. Ngwe yako ikiwa katikati ya ngwe za wenzako, utalima wanapolima na utavuna wanapovuna, kwa sababu baada ya mavuno mifugo ya kijiji ilifunguliwa ili ile mabua na kuacha samadi shambani. Aliyechelewa kuvuna aliwachelewesha wote. Ndiyo maana hata nyumba za Laxton zinasimulia historia hii. Nyumba za wakulima zimepangana kijijini kando ya barabara, nyingi zikiwa zimeipa barabara ubavu, na nyuma yake kuna mabanda na ua. Kwingineko, mashamba yalipokwisha kuunganishwa na kuzungushiwa uzio, wakulima wengi walihama kijijini wakajenga katikati ya ardhi yao. Laxton hawakuwa na sababu ya kuhama, maana ardhi ya kila mmoja ilikuwa kila upande.

Uzio huo ndio ulioumaliza utaratibu wa zamani karibu kila mahali. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kufunga mashamba na malisho ya pamoja, zikagusa ekari milioni 6.8 hivi, kama sehemu moja ya tano ya nchi. Wenye ardhi kubwa walifaidika. Maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha kwenye malisho ya wote alibaki na ng'ombe asiye na pa kula. Laxton ilinusurika kwa sehemu kwa sababu wamiliki wake wakubwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, hawakupatana jinsi ya kugawana. Nalieleza hili wazi kwa sababu wako wanaopenda kusimulia kwamba wanakijiji waliokoa mashamba kwa umoja wao tu. Mabwana wangekubaliana, huenda leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kunusurika ni jambo moja, na kudumu ni jingine. Kudumu ni kazi ya wakulima wenyewe. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Novemba, wajumbe waliochaguliwa miongoni mwa wakulima hupanda tela la trekta na kwenda kukagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Wanatembea kwenye baridi, wanatazama miisho ya ngwe, wanapigilia vigingi kuonyesha mwisho wa ngwe na mwanzo wa njia au nyasi za wote. Aliyelima kupita mpaka anaandikwa. Baadaye wanakula pamoja katika baa ya kijiji, Dovecote Inn. Wiki moja hivi baadaye baraza la kijiji, linaloitwa Court Leet, linakutana palepale, linasikiliza taarifa, linatoza faini na kuteua wajumbe wa mwaka unaofuata.

Faini zenyewe ni ndogo. Nguvu yake ni kwamba kosa lako linasomwa mbele ya majirani, na mwakani huenda wewe ndiye utakayeshika nyundo. Mabaraza ya namna hii yaliwahi kuwa mengi Uingereza. Sheria ya mwaka 1977 iliyafuta mamlaka ya yaliyosalia, isipokuwa la Laxton.

Kuna pia vipande vya nyasi katikati ya mashamba, mahali penye unyevu au mteremko pasipofaa kulimwa, vinavyoitwa sykes. Nyasi zake hupigwa mnada kila mwaka. Kwa kuwa plau haijavigusa, vimejaa maua ya porini ambayo kwingine yametoweka, na sasa vinalindwa kisheria.

Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote lazima yataharibiwa, kwa kuwa kila mtu atazidi kuongeza mifugo yake. Mimi namjibu kwa Laxton. Ardhi ya pamoja pale haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Ilikuwa na vigingi, zamu, faini na watu waliokuwa tayari kwenda kuitazama.

Umiliki wa Laxton umezunguka sana. Mwaka 1952 serikali iliinunua kutoka kwa Earl Manvers ili mashamba yasipotee, mwaka 1981 ikahamia kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Taji la Uingereza, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, ya ukoo uleule wa Manvers. Katika mabadiliko yote hayo, ukaguzi wa Novemba uliendelea kuwa wa wakulima.