Kabla Hujalaumu Viatu vya Mteja, Inama Uangalie Raba za Tredmili

Wewe unayeanza kazi ya kuhudumia mashine za gym, siku ya kwanza utaoneshwa skrini, vitufe na kitambaa cha kufutia jasho. Chini ya mkanda wa tredmili, mashine ya kukimbilia, ni nadra mtu kukuonesha. Naomba uanzie huko.

Mkanda huo mweusi ni mwembamba, wenyewe haulainishi kitu. Unateleza juu ya ubao, na kati ya ubao huo na fremu ya chuma ndipo zinapokaa raba, yaani vipande vya mpira vya kupunguza kishindo, kushoto na kulia. Mtu akikimbia, kila mguu unapotua hubeba takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mteja wa kilo 80 anakanyaga kana kwamba ana kilo 160, hata 240. Kwa hatua 160 kwa dakika, nusu saa ni hatua 4,800. Raba inabonyea, ubao unapinda kidogo, na kile kishindo ambacho kingepanda mguuni kwa mpigo mmoja kinapungua makali. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ugoko na goti vinaijua tofauti.

Mashine nyingi huwa laini mbele, mguu unapotua, na ngumu zaidi nyuma, unapojisukuma. Kwa hiyo ukifungua raba, ziwekee alama kwanza. Ukizichanganya, umeharibu kazi ya aliyeiunda.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa alfajiri, alilalamika goti la kushoto. Nikamwambia abadilishe viatu. Akanunua vipya, goti likabaki vilevile. Baadaye nikifagia karibu na mashine aliyoipenda, nikasikia du, du, du, sauti kavu, mtu mwingine akiwa juu yake. Nilipomulika tochi chini, raba ya mbele kushoto ilikuwa imepasuka na kukauka kama kwato, ubao unagonga chuma. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuumiza. Ila nilimtuma dukani kabla sijainama, na hilo bado linaniuma.

Siku hizi kila wiki nazima mashine, nachomoa waya, nakandamiza ubao kwa viganja kuanzia mbele hadi nyuma. Kisha nabonyeza raba kwa ukucha: iliyo hai inarudi, iliyokufa haibonyei au inamomonyoka. Mashine inayopigwa jua la dirishani naiangalia kwanza, maana joto huzeesha raba. Nikibadilisha, nabadilisha jozi, kushoto na kulia, la sivyo ubao unaegemea upande mmoja. Mafuta ya silikoni chini ya mkanda ni muhimu pia, lakini hayo ni ya kupunguza msuguano, hayatafufua raba.

Na usimwahidi mteja kwamba ulaini utamponya. Watafiti wamepima: mkimbiaji akikanyaga sehemu laini, mwili wenyewe hukaza mguu kufidia, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Kinachosaidia goti na nyonga ni kufupisha hatua: kasi ileile, hatua zaidi kwa asilimia 5 hadi 10. Yule mama nilimwomba radhi, nikampeleka kwa mtaalamu wa viungo, na aliporudi tukaanza na hilo: yeye anakimbia, mimi nahesabu hatua pembeni, saa mkononi.